Jeki Iliyokosa Sakafu

Jeki ile niliichagua mjini Biharamulo kwa karibu nusu siku. Sijawahi kununua kitu kwa uangalifu kama ule. Simu yangu niliinunua kupitia dirisha la basi, na viatu nilivyovaa siku hiyo sikuvijaribu hata mguu mmoja. Lakini jeki nilikuwa namnunulia kaka yangu, fundi wa magari nyumbani kwetu Kanazi, na mwaka uliotangulia pikapu ilikuwa imemshukia kifuani.

Alikuwa ameinyanyua kwa jeki ndogo ya kusimama, ile inayofanana na chupa. Mafuta yake yalivuja kidogo kidogo, gari likashuka naye yuko chini anafungua nati. Majirani waliliinua kwa mikono. Alipona, ila mfupa wa bega uliunga vibaya, na tangu hapo akivaa shati upande mmoja unakaa juu. Habari hizo nilizipata kwa simu nikiwa Kahama. Nikasema nakuja, kisha nikaenda Geita.

Hivyo hivyo nilivyofanya baba alipofariki. Wakati huo nilikuwa utingo wa lori, tumekwama na mzigo ng'ambo ya mpaka. Tuliporudi, matanga yalikuwa yameshaanuliwa. Lori lilisimama Benaco tukanywa chai, nikatazama njia ya kwenda nyumbani, kisha nikapanda tena, nikapita. Nilijiambia nitakwenda nikiwa na kitu mkononi. Miaka ikapita mikono ikiwa mitupu, na mtu akishachelewa sana, kila siku anayoiongeza haionekani kuwa kitu.

Kwa hiyo jeki ndiyo iliyokuwa kitu changu cha mkononi.

Mwenye duka la spea alikuwa mama mmoja mnene, kitenge kiunoni, mikono imejaa grisi. Alinitolea jeki ya magurudumu, ile ndefu inayosukumwa chini ya gari kama kitoroli.

"Hii tani tatu, kaka. Hata nyumba inanyanyua."

"Nani kaipima?"

"Si imeandikwa hapo?"

"Hata mimi naweza kujiandika usoni kwamba ni mbunge."

"Jiandike, tukupe kura," akasema. "Labda utatuchongea barabara."

Nilimwambia sinunui maandishi. Jirani yake alikuwa na mahali pa kuoshea magari, sakafu ya saruji nzuri, na pale palikuwa na gari linasubiri mwenyewe. Tukaomba ruhusa. Nilifanya kama nilivyofundishwa na dereva wangu wa lori: nyanyua gari, kata kijiti kifike sawasawa kati ya sakafu na bampa, kiache kimesimama, nenda kanywe chai. Ukirudi ukakuta kijiti kimepinda, jeki inashuka, hata kama macho hayaoni.

Jeki ya kwanza ilipindisha kijiti kabla chai haijapoa. Ya pili ilishikilia vizuri, lakini nilipolegeza ili ishushe, gari lilianguka kwa kishindo, na mwosha magari akanitukana kwa haki. Ya tatu ilikuwa kuukuu, rangi imebanduka, imeletwa na mitumba ya nje. Nilipapasa nguzo yake ya chuma, kavu, hakuna tone la mafuta. Ilikaa na gari juu tukanywa chai vikombe viwili, kijiti kikiwa wima. Nilipoilegeza ilishusha polepole kama mzee anayekaa kitini. Na magurudumu yake madogo ya chuma yaliteleza juu ya ile saruji bila sauti.

"Hiyo itakuzika," akasema mama wa duka, akimaanisha kwamba itadumu kuliko mimi.

Nilipanda basi nayo miguuni hadi Ngara, nikachukua bodaboda, nikaipakata mapajani hadi nyumbani.

Mama alikuwa anapepeta maharage. Alisimama, ungo mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akautazama mzigo. "Umeleta vigae?"

"Vigae vya nini?"

 Alinishika mkono kama mtoto, akanipeleka chumbani kwake, akainua shuka lililoning'inia kitandani. Uvunguni kulikuwa na mifuko saba ya saruji, imelazwa juu ya mbao, imefunikwa nailoni. Kaka aliinunua mmoja mmoja, kila alipopata kazi, kwa ajili ya kujengea kaburi la baba. Ilikuwa inanisubiri mimi, na vigae vya juu. Baba alikuwa amesema kaburi lake lisijengwe mpaka watoto wake wote wawepo, na sisi tuko wawili tu. Nilipogusa mifuko, miwili ilikuwa imeshakuwa mawe. Unyevu wa mvua zote zile nilizokuwa sipo ulikuwa umeifikia.

Kaka alikuja jioni.

"Mtalii wetu karudi," akasema. "Utalala siku ngapi safari hii? Tukutafutie mwongoza watalii?"

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Fungua mzigo tuone."

Alipoiona jeki alinyamaza. Aliizunguka, akabonyeza mpini, akasikiliza. Kaka si mtu wa kusifu, na mimi nilijua kunyamaza kwake kuna maana gani. Nilifurahi. Ndiyo furaha pekee ninayoikumbuka katika safari ile.

Asubuhi tukaijaribu. Gereji yake ni nguzo nne za mkaratusi na mabati, nyuma ya nyumba, kabla ya kufika migombani. Chini ni udongo mwekundu. Tukaisukuma jeki chini ya ile pikapu ya mfanyabiashara wa ndizi. Haikutaka kusukumika, tukaibeba. Nikaanza kupampu.

Jeki ya namna ile, inapopandisha gari, lazima itembee kidogo yenyewe ili ibaki chini ya mzigo. Juu ya saruji inatembea. Pale yale magurudumu madogo yalizama udongoni, yakang'ang'ania. Jeki ikawa inapanda na kuvuta gari pembeni. Nikaona kichwa chake kinahama taratibu kwenye chasisi, na kaka akanivuta ukosi wa shati. Pikapu ikaanguka upande, tukapigwa na vumbi.

Hakuumia mtu. Kaka alicheka, kicheko kibaya.

"Umeniletea kifuniko, mdogo wangu. Chungu kiko wapi?"

Nilikuwa nimejaribu jeki tatu kwa vijiti na chai, na katika nusu siku nzima sikukumbuka hata mara moja kwamba nyumbani kwetu hakuna sakafu. Nimezaliwa juu ya udongo ule.

Tuliweka ubao chini yake. Ukapasuka. Tukaweka mwingine, nao ukapasuka. Mwenye gari alikuwa anapiga simu, ndizi zake zinaiva. Kaka akaenda kuchukua ile jeki yake ya chupa.

"Si hiyo ndiyo iliyokuangusha?"

"Nimebadilisha mpira wa ndani. Na nina gogo."

Akainyanyua pikapu, akaegemeza gogo la mkaratusi chini ya ekseli, akalala chali, akajisogeza ndani kwa visigino. Mama alikuwa anatoka shambani na jembe begani. Aliona miguu ya mwanawe imetokeza chini ya gari, akasimama palepale.  Nilimwambia akae, hakukaa. Alisimama mpaka kaka alipotoka, jua limeshafika utosini, ndipo akaingia ndani.

Baada ya chakula alisema, "Ile saruji, mwageni kule kwenye magari."

Kaka aliweka bakuli chini. "Saruji ipi?"

"Iliyoko chini ya kitanda changu. Kuna nyingine?"

"Mama, ile ni ya mzee."

"Baba yenu haangukiwi na kitu tena."

"Kesho nilitaka nimwite fundi mwashi. Huyu si kaja? Tuko wote."

Mama akanigeukia. "Wewe unasemaje?"

Nilijua ninachokiona: bega moja juu, moja chini. Nikasema bora sakafu.

Kaka alisukuma bakuli kando. "Hukuwepo kumtupia hata konzi ya udongo," akasema. "Leo ndiyo umefika, na umekuja kumnyang'anya blanketi."

"Kaka, ile mifuko inakufa. Miwili imeshakufa."

"Imekufa ikisubiri nani?"

 Mama akaanza kukusanya vyombo, na kwetu mama akikusanya vyombo mazungumzo yamekwisha. Kaka hakuwahi kumbishia akifikia hapo.

Tulimwaga sakafu siku mbili. Tulichota mchanga mtoni, tukaponda mawe, tukachanganya kwa koleo, yeye upande huu na mimi upande ule, na siku zote mbili hakunisemesha ila kuniagiza maji. Alipomaliza kusawazisha kwa ubao, akiwa amepiga magoti, alisema bila kuinua kichwa:

"Sasa kaburi ni lako. Kila mvua zikiisha, uje ulipandishie udongo. Mimi sitii mkono tena."

Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa moyo wangu wote. Nilimwagilia ile sakafu wiki nzima isipasuke, nikaona jeki inateleza juu yake, nikaona kaka anaweka gogo na kuingia chini bila kutazama juu. Kisha nikaondoka.

Mvua za kwanza zilipokwisha nilikuja, nikapandisha udongo, nikakaa siku tatu. Mwaka uliofuata nilikuwa Keza nikinunua maharage kwa tajiri mmoja; Keza ni Ngara hiyohiyo, ningefika kwa pikipiki na kurudi siku hiyohiyo. Sikufika. Mwaka mwingine nilikuwa Bisibo. Kila mahali nilipokuwa, mvua ilipopiga bati usiku mmoja mzima, nilijua inachukua nini, na asubuhi nilitafuta safari nyingine.

Mwaka huu nilikwenda. Nilichukua jembe ukutani, nikapita gereji, nikaona miguu ya kaka imetokeza chini ya gari, nikamwamkia. Akaitikia kutoka chini huko. Nikaingia migombani na sikuliona kaburi. Mahali pale palikuwa tambarare, kijani tupu, marando ya viazi yametambaa kila upande. Msalaba wa mbao uliliwa na mchwa zamani.

Mama alikuja nyuma yangu, fimbo mkononi. Hana nguvu tena.

"Nimepanda mimi," akasema. "Yashike udongo. Nilikuwa naamka nakuta mvua imempeleka bondeni."

"Nipandishe udongo sasa?"

"Ukilima utayakata, na udongo utaondoka wote. Acha. Viazi hatuvichimbi, usiogope."

Nikabaki na jembe. Nilitaka walau nisimame vizuri, niseme neno, kama mtoto anavyosimama kichwani kwa baba yake. Nikaona aibu kuuliza, lakini nikauliza.

"Kichwa kiko wapi, mama?"

Aliangalia marando, akageuka huku, akageuka kule. Macho yake nayo siku hizi yamechoka. "Muulize kaka yako," akasema. "Yeye ndiye aliyeshuka shimoni kumpokea."

Nilirudi gereji. Nilichuchumaa kando ya gari, nikaiambia ile miguu. Haikusogea. Nikasikia spana inalia mara mbili, tatu. Kisha akajitoa, akakaa, akafuta mikono kwa tambara muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akasimama, akatangulia.

Alifika, akatazama mgomba mmoja, akatazama mwingine, akahesabu hatua zake kimoyomoyo. Akavua ndala moja na kuiweka juu ya marando.

"Kichwa hapa." Akapiga hatua nne, akavua ya pili. "Miguu hapa."

Halafu akarudi kazini, peku.