Maua ya Meneja kwa Mke Wangu

Nimeshajicheka mwenyewe vya kutosha, sasa ni zamu yenu. Tangu makampuni ya nje yaruhusiwe nchini, Wazungu wamefungua ghala hapa Majengo, wananunua asali ya misitu ya Ugalla. Mke wangu Konsolata wamemwajiri kuichuja. Mimi na kidato changu cha nne nipo nyumbani, nalinda kuku na kuumia moyo kila akimsifu meneja.

Julai mosi jirani akaniita uani. "Baba Neema, meneja kampa mkeo maua! Nimeona kwa macho yangu!"

Kwetu maua ni ya arusi au ya kaburi, na Konsolata alikuwa mzima wa afya. Nikabeba rungu hadi ghalani.

"Nani anayeniolea mke?" nikafoka.

Wafanyakazi wote wakageuka. Kila mmoja ameshika maua, hata mlinzi, mzee mwenye mvi kichwa kizima!

"Shemeji, tulia," karani akasema. "Kwa Wazungu mtu hupewa maua siku yake ya kuzaliwa. Waliniuliza tumezaliwa lini. Nani hapa anajua tarehe yake? Nikawaandikia wote Julai mosi."

Meneja akamuuliza Konsolata mimi ni nani. Mke wangu akalitazama rungu, akanitazama mimi.

"Ni mume wangu," akajibu taratibu. "Naye ameniletea zawadi."

Meneja akafurahi, akapiga makofi, akaniomba nimkabidhi mke wangu zawadi yake mbele ya watu wote.