Kungumanga la Shangazi Zuhura

Nilipokuwa mtoto nililala chumba kimoja na shangazi yangu Zuhura, kwetu Mji wa Kale, na kungumanga lilikuwa kitu cha kuogopwa. Bibi alilikuna chembe tu kwenye maziwa ya moto, akampa aliyekosa usingizi. Kuzidisha alikataza kabisa.

"Lina wenyewe," alisema. "Ukilila kwa pupa, watakujia."

Wiki ya harusi yake shangazi hakutulia. Alikaa, akainuka, akafungua dirisha, akalifunga. Leso mpya kutoka Biashara Street zilirundikana kitandani, bila kuguswa. Alikuwa amemwambia babu, baba yake, kwamba bwana aliyemchagulia hamtaki. Babu akajibu, "Nimeshatoa neno." Maziwa ya bibi hayakumfaa kitu.

Asubuhi moja, wanawake wakichambua mchele uani, nilimkuta jikoni akitafuna makungumanga mazima huku amekunja uso.

"Nataka nilale tu, mwanangu," aliniambia.

Hakulala. Baada ya adhuhuri midomo ilimkauka, moyo ukamwenda mbio, akawa anaonyesha ukutani watu tusiowaona. Wanawake wakasema amepandwa na jini. Ubani ukafukizwa. Babu alipoingia, shangazi akamkazia macho.

"Simtaki! Simtaki yule bwana!"

Babu akarudi nyuma. "Ni nani asemaye?"

Mimi nilikuwa nimeshamnong'oneza bibi nilichokiona jikoni. Alimtazama binti yake, akamtazama mumewe.

"Wenyewe wamesema," akajibu. "Nawe wawasikia."

Kisha akamkimbiza shangazi hospitali, na huko akamweleza daktari ukweli wote. Daktari alimlaza mpaka moyo ulipotulia, akatuonya mimi na bibi kwamba kungumanga likizidi ni sumu, na huua. Harusi ikavunjwa. Babu alikwenda mwenyewe kwa wakwe kuomba radhi. Jini, alisema, halibishiwi.

Leo nakuna chembe kwenye mahamri, basi. Wanangu wasipopata usingizi, nakaa nao, nawauliza wana nini. Kama kungumanga lina wenyewe, sijui. Babu alikuwa mtu mpole, na binti yake alimpenda. Lakini neno alilolikataa likitoka kinywani mwa binti, babu alilikubali alipodhani ni la jini. Shangazi alikaribia kufa ndipo akasikika, na hata hapo babu hakujua kwamba aliyemsikia ni binti yake.