Mkeka wa Fundi Marijani

Mjomba wangu Marijani bin Mwishehe alikuwa fundi wa kuwamba vitanda vya kamba, na katika Temeke yote ya enzi za Mwingereza, kabla ya vita vya pili, hukumsikia mtu akilalamika kwamba kitanda cha Marijani kimebonyea. Sisemi hivyo kwa kuwa ni damu yangu. Kwa mengine alikuwa mtu wa kuudhi: mbishi, mchelewaji, na mwenye majivuno yasiyo na dawa. Jivuno lake kubwa lilikuwa kwamba kunguni hawamuumi.

"Damu yangu chungu," alikuwa akituambia, huku akipandisha mkono wa kanzu tuone. Na kweli mkono ulikuwa safi, hauna hata kipele kimoja, wakati sisi wengine tulikuwa tukijikuna mpaka tunatoka damu. Ilikuwa inaudhi sana kumtazama.

Kila mwaka kaskazi ilipoingia, joto likapanda na watu wakaanza kutoa vitanda nje na kuona vilivyochakaa, Marijani alifunga mzigo wake wa kamba, akakunja mkeka, akashika njia ya Bagamoyo kwa miguu. Kuanzia Kinondoni, Mikocheni, mpaka Boko, mafundi wa kuwamba walikuwa wa kutafuta, kwa hiyo kazi ilimngoja yeye.

Malazi hakuyahangaikia kama wasafiri wengine. Kamba mpya hulegea usiku wa kwanza mtu anapoilalia. Basi Marijani alilala mwenyewe juu ya kila kitanda alichokiwamba, barazani kwa mwenye nyumba, na asubuhi akazikaza kamba tena. Mwenye nyumba alipata kitanda kisichobonyea, na fundi alipata pa kulala. Kesho kitanda kingine, baraza nyingine. Wenzake walilala kwenye vibanda vyenye papasi wakarudi na homa. Yeye alirudi amenenepa.

Wadudu wa njia ile aliwajua kila mmoja na mahali pake. Kunduchi palikuwa na usubi wa jioni. Ukikaribia Boko ulikuta siafu, na dawa yao ni kumwaga majivu kuzunguka miguu ya kitanda. Lakini hakuna palipokuwa na mbu kama Mikocheni, kwenye maji yaliyotuama katikati ya miti ya mikoche. Huko alilala kwa Bi Chausiku, mjane asiye na mtoto, mzaliwa wa Temeke aliyeolewa huko na kuachwa huko na mauti ya mumewe. Bi Chausiku alifukiza makumbi ya nazi, akatandaza majani ya kivumbasha chini ya kitanda, kisha akakaa kumuuliza habari za kwao: nani kafa, nani kaoa, nani kahamia Mbagala. Kunguni Marijani hakuwataja kabisa. Aliona hawamhusu.

Mwaka ninaousimulia, Bi Bahiya binti Matar, aliyebaki na duka la marehemu mumewe pale Boko, alikuwa anamwoza bintiye Hayat. Alinunua mbao mpya, kamba mpya, godoro jipya la sufi, akamwita Marijani aje moja kwa moja toka Temeke, baraza za njiani azipitie wakati wa kurudi.

"Fundi, hiki ni kitanda cha biharusi. Asilale mtu, asikae mtu. Hata paka asipande."

"Kisipolaliwa kitabonyea, Bi Bahiya."

"Na kibonyee. Mie nimeshasema."

Marijani aliwamba kitanda kwa ustadi wake wote, lakini alipomaliza moyo ukamkatalia. Biharusi alale fungate nzima ndani ya shimo, na watu waulize ni fundi gani huyu! Mchana, wanawake wote walipokuwa uani wakichambua mchele, akaingia chumbani kimya kimya. Mtu mjeuri angejitupa tu. Yeye alikuwa na adabu zake, na hapo ndipo penye kisa. Ili mwili wake usikiguse kitanda cha biharusi, alitandika kwanza mkeka wake mwenyewe, ule wa safari uliolala kila baraza ya njia ile, ndipo akajinyosha juu yake. Alipoamka alikunja mkeka, akakaza kamba, akatoka ameridhika.

Harusi ikafungwa, ikapendeza. Bwana harusi, Muhsin, akaingia fungate nyumbani kwa kina mkewe kama ilivyo desturi, na Marijani akaenda kuwamba vitanda vya nyumba ya pili. Fungate haijafika katikati, kungwi wa biharusi akatoka chumbani na uso umembadilika. Hayat alikuwa anajikuna mpaka mapajani. Muhsin shingo ilikuwa imemvimba.

Habari ikamfikia shangazi yake Muhsin, mwanamke ambaye sauti yake haikuhitaji mpiga mbiu. Akaja na shuka lake begani. "Nyumba gani hii inayowalaza watu na kunguni? Tunamwondoa kijana wetu leo hii!"

Nyie mlio mbali na mambo haya mtasema kunguni ni kunguni tu. La. Bwana harusi akiondolewa kabla fungate haijaisha, hakuna atakayekumbuka sababu. Watakumbuka kwamba aliondoka. Hayat angezeeka na neno hilo mgongoni, na mama yake alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Bi Bahiya akawaomba wageni wanywe kahawa kwanza. Mbao zilikuwa mpya, kamba mpya, godoro jipya; kunguni wametoka wapi? Akatuma Marijani aitwe uani, akamuuliza swali moja tu.

"Ulilala?"

Angeweza kukana, hakuna aliyemwona. "Nililala, Bi Bahiya. Lakini nilitandika mkeka wangu, wallahi sikukigusa."

"Ulete huo mkeka."

Wakautandaza juani. Mwanzo hapakuonekana kitu. Jua lilipokolea, kunguni wakaanza kutoka kwenye mishono ya ukili, wakubwa kwa wadogo, wakikimbilia kivulini. Marijani akawakodolea macho kama mtu anayetambulishwa kwa ndugu zake wa baba mmoja. Kumbe hawakuwahi kumkwepa. Walikuwa wakimla miaka yote, mwili ukawazoea, ukaacha kuvimba. Aliniambia kwamba pale pale alianza kuzihesabu nyumba kichwani: Kinondoni, Mikocheni, Kunduchi, kila baraza iliyompokea, kila kitanda alichokilalia kwa wema.

"Umenifedhehesha, fundi," Bi Bahiya akasema, na machozi yakamtoka.

Marijani hakumwomba radhi. Aliuchukua ule mkeka ulivyo, wazi, akaingia nao mpaka walipokaa wanawake, mahali ambapo mwanamume hakupaswa kukanyaga. Akamsimamia shangazi mbele.

"Shikamoo, mama. Kunguni hawa si wa nyumba hii. Ni wangu mie. Nimewabeba mgongoni toka Temeke, na kitanda cha mwanenu nilikilalia nikiwa nimekatazwa. Aliye mchafu ni huyu hapa."

Wanawake wakautazama mkeka, wakamtazama fundi. Kisha shangazi akaanza kucheka, na wengine wakafuata, wakacheka mpaka wakaegemeana, na kicheko hicho ndicho kilichomwokoa Hayat. Kitanda kilitolewa kikamwagiwa maji ya moto, na bwana harusi akabaki. Hapo ninamheshimu mjomba wangu, nami simheshimu kwa mengi. Fundi aliyetangaza jambo kama lile mbele ya wanawake wa Boko alijua habari itamtangulia njiani. Nani tena angempa baraza? Alijifungia milango yote kwa mkono wake mwenyewe.

Akauchoma mkeka nyuma ya duka, akaanza safari ya kurudi. Hakupiga hodi popote. Kunduchi alipita kwa nyuma ya mashamba. Mikocheni alifika jua linazama, akaizunguka nyumba ya Bi Chausiku kwa mbali, akaketi pembeni mwa njia kwenye mikoche. Mbu wa pale walikuwa hawajapata habari za damu chungu. Wakamla masikio, wakamla nyayo, naye akaona ni haki yake.

Bi Chausiku alimkuta hapo, akitoka kuokota kuni.

"Kaka Marijani? Unakaa hapa unaliwa, na baraza ipo?"

Akamwambia yote: mkeka, biharusi, kicheko cha wanawake. Akamwambia, "Dada, nimekuletea kunguni ndani miaka yote hii. Nisamehe."

Bi Chausiku akatua mzigo wake wa kuni. "Nilikuwa najua," akasema.

"Unajua toka lini?"

"Toka mwaka wa kwanza. Kila ukiondoka natoa kitanda nje, nachemsha masufuria ya maji, nakimwagia, nakianika siku nzima. Na wa Kinondoni wanafanya hivyohivyo, tumeshaambiana."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, mwaka wa pili ungepita hapa?"

Marijani alijua asingepita. Aibu ya Boko aliimeza, lakini hii, aliniambia, ilimshinda. Alilia pale chini ya mikoche, mtu mzima na ndevu zake, kwa sauti. Miaka yote alikuwa akihesabu kwamba yeye ndiye aliyewafadhili watu kwa kitanda kizuri. Bi Chausiku alisimama akimpungia mbu kwa upande wa kanga mpaka alipomaliza.

"Haya, inuka," akamwambia. "Mkeka umeshauchoma; mwaka huu umenipunguzia kuni."

Marijani akaubeba ule mzigo, akamfuata nyumbani. Njiani akaanza kumsimulia nani kafa Temeke, na nani kaoa.