Kaboni ya Birika la Ubatizo

Nilirudi Kolwezi kutoka Zambia na diploma ya kupima maji, niliyojilipia mwenyewe, pamoja na chombo nilichokiunda kwa mikono yangu. Ndani ya kopo la maziwa ya unga nilifunga taa ndogo ya mwanga usioonekana kwa macho, na kipokezi cha kuupima. Mabaki ya vitu vyenye uhai, kama majani, jasho na mafuta, humeza mwanga huo; namba ikipanda kwenye kioo, kaboni ogania imeongezeka majini. Vyombo vya namna hiyo hununuliwa na makampuni ya migodi tu. Changu hata kanisa dogo lingekimudu.

Baba wa mchumba wangu, Mkasai wa mtaa wa Kapata aliyestaafu kazi ya mgodi, hakuvutiwa. Alisema hatamtoa binti yake kwa mtu asiyebatizwa kanisani kwao, tena mwenye kazi isiyoeleweka. Nikaamua kuyamaliza yote Jumapili moja: nitabatizwa, na maji ya birika nitayapima mbele yake.

Nilimweleza shemasi kwamba namba itapanda kila mtu anapotoka, kwa kuwa mwili huacha vitu majini. Yeye akawatangazia waumini kwamba mashini itaonyesha dhambi zinavyotoka. Nilitaka kumsahihisha, lakini kwaya ilikuwa imeshaanza.

Mwalimu mmoja alizamishwa, namba haikusogea. Watu wakamtazama kwa heshima. Mama muuza samaki aliipandisha kidogo, akainamisha uso. Kisha nikaingia mimi, nimejipaka mafuta ya nywele, losheni na manukato kama inavyompasa mtu aliyesoma. Nilipotoka, shemasi alikitazama kioo, akakifuta kwa shati, akakitazama tena. Namba ilikuwa imeruka kuliko ya wote.

"Njo maana alikawia huko Zambia," mama mmoja wa kwaya alisema, na benchi lao zima likacheka.

Baba wa mchumba wangu alisimama, akaja mpaka ukingoni.

"Iyi mashini iko ya kweli, ao inadanganya?"

Ningeweza kusema imeharibika, nikaokoa jina langu. Lakini nilikijua chombo changu, na hakuna mtu Kolwezi aliyekuwa na kingine kama hicho.

"Mashini yangu haidanganyake, tata," nilimwambia baba huyo, maji yakinichuruzika.

Alichungulia majini.

"Basi bibaya byako byote binabakia mu maji. Mu mwili hamuna tena kitu. Uambie bantu benu bakuye kwetu, tuongee ndoa."

Kisha akamgeukia mwalimu ambaye, kwa hesabu hiyo, bado alikuwa na dhambi zake zote, akamwomba shemasi amrudishe majini. Mwalimu alipinga, akasema yeye hanywi wala havuti. Akina mama wa kwaya walimshika mikono kwa upole wakamsindikiza hadi birikani, na mimi, nikiwa bado nimelowa, nikachovya chombo na kusubiri namba.