Simu ya Kwenda Wampembe

Kazi ya kuwanyanyua wazee nimeshaizoea. Kinachonimaliza ni simu. Kituoni kwetu cha kutunza wazee, nje kidogo ya Sumbawanga, mzee akibadilika hali mimi ndiye ninayewaarifu ndugu, na ndugu hawaniamini, jamani.

Siwalaumu sana. Huku kwetu nani aliwahi kutangaziwa msiba kwenye simu? Unaambiwa mgonjwa yupo, ila njoo; unafika unakuta turubai limeshafungwa uani.

Asubuhi ile bibi mmoja aliamka miguu imevimba, anahema kwa shida, uji hataki. Daktari akanivuta pembeni: waiteni wa kwake leo hii hii. Wa kwake alikuwa mwanawe wa pekee, mvuvi wa Wampembe. Nikampigia.

"Kaka, hali ya mama si nzuri. Lakini yuko hai. Panda gari la kwanza uje umwone."

Akanijibu kwa upole kabisa: "Sawa dada. Nimeelewa."

"Hujaelewa! Yuko hai, huyu hapa." Nikamwekea bibi simu sikioni. Akahema tu, na mtandao ukakata.

Nilipiga tena na tena. Mchana ndipo akapokea: yuko Namanyere anakusanya mashangazi, gari wamekodi, na sanda wameshanunua. Sanda! Nikafoka. "Mashangazi wa nini? Njoo wewe!"

"Dada, usijitese," akanijibu. "Sisi ni watu wazima."

Nilikata simu nikalia kwa hasira, peke yangu, jikoni.

Kila upepo ulipoubamiza mlango, bibi aligeuza macho. Alininong'oneza kwa Kifipa, amefika? Nikamvutia blanketi hadi shingoni, nikamwambia yuko njiani. Jioni akakata roho, nimemshika mkono.

Gari liliingia muda si mrefu baadaye, mashangazi wakishuka tayari wanalia. Mwanawe akanipa pole ya kazi, akaingia ndani, akamgusa mama yake shavuni. Alipotoka alishika fremu ya mlango.

"Bado ana joto," akasema.

"Nilikuambia, kaka."

Alikaa chini palepale sakafuni, mtu mzima yule. Baadaye akainua uso. "Aliniulizia?"

Nilikuwa nimeshinda nasema kweli tangu asubuhi. Nilichoka.

"Hapana," nikasema. "Alilala tu."

Hilo aliliamini papo hapo.