Ugoro kwenye Foleni ya Komunyo

Nalinda ghala la mahindi mtaa wa Lizaboni, zamu ya usiku, na ugoro ndio ulionidumisha kazini. Wezi siwaogopi sana. Ninayemwogopa ni msimamizi, anayepiga simu saa yoyote. Ukichelewa kupokea, kesho huna kazi. Kwa hiyo nilikuwa natia ugoro ndani ya mdomo wa chini ili nisisinzie, na bado kwa wasiwasi nasaga meno mpaka kunakucha taya zinauma. Fizi zikaanza kutoa damu. Mke wangu akiuliza harufu, nasingizia jino bovu.

Jumapili ya Komunyo ya Kwanza ya binti yetu, nilitoka lindoni moja kwa moja hadi kanisani. Msimamizi alikuwa amenifokea alfajiri, nikatia ugoro wa kutuliza moyo. Wakatoliki tunafunga saa nzima kabla ya kupokea, na mimi kwa ujuaji wangu nilishaamua kwamba ugoro si chakula. Kisha nikausahau mdomoni.

Wazazi tulipanga foleni nyuma ya watoto wetu, tupokee pamoja nao. Binti alipokea, akasogea pembeni kunisubiri, gauni jeupe limemkaa vizuri. Padri akainua hostia mbele yangu: "Mwili wa Kristo." Nilipofungua mdomo niseme "Amina," mate ya kahawia yenye damu yakadondokea shati. Nikaziba mdomo kwa kiganja, nikatoka kwenye foleni mbele ya watu wote. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na Amina.

Nyumbani, baada ya pilau, mtoto alinifuata uani.

"Baba, una dhambi gani mpaka umeshindwa kupokea?"

Katekista alikuwa amewafundisha kwamba mwenye dhambi kubwa asipokee. Nikamjibu, "Niligombana na mtu kazini." Mtu mzima na ndevu zangu, niliona heri mwanangu anidhanie mkosefu kuliko ajue mdomo wangu unaoza. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Tangu siku hiyo, kila jioni kabla sijaenda lindoni, alikuwa anapiga magoti: "Mungu, msamehe baba, apatane na yule mtu." Wiki ya tatu nikashindwa kuvumilia. Nilimwita mlangoni penye mwanga, nikavuta mdomo wa chini nikamwonyesha: fizi zilizorudi nyuma, doa jeupe, meno rangi ya chai. Nikamwambia ni ugoro, na kwamba sikugombana na mtu yeyote.

Aliangalia kwa makini, kama anavyokagua goti lake likichubuka.

"Panauma?"

"Panauma."

"Ila umeshaacha, si ndiyo, baba?"

Kopo la ugoro lilikuwa kwenye mfuko wa shati. Nikasema ndiyo, nikachukua tochi na rungu, nikaenda kazini.

Jioni iliyofuata alipiga magoti kama kawaida, akamshukuru Mungu kwamba baba ameacha. Nami nikaitikia "Amina" bila kufungua mdomo sana, maana ugoro nilikuwa nimeshautia.