Aliyesimama Upande wa Pili

Nakumbuka Jumapili moja ya mwezi wa saba, hapa hapa Queensbury, kwenye uwanja ule wa nyuma ya reli ambao wewe unaupita kila siku ukiwa umeziba masikio kwa muziki wako. Msimu wa kriketi ulikuwa umefika katikati. Kaka yangu Nurdin, ambaye wewe unamjua kwa kipara chake na mizaha yake, alikuwa kijana mwembamba mwenye nywele za kutosha watu wawili, na ndiye aliyekuwa nyota wa timu yetu.

Lakini ngoja kwanza, mwanangu, nikwambie kwa nini nimeikumbuka. Jana jioni ulikuwa umejilaza kwenye kochi unanisomea kwenye simu habari za besiboli ya Marekani: nani amewika kufikia nusu ya msimu, nani ametokea kusikojulikana akawashangaza wote. Mchezo wenyewe umeuokota wapi hapa London, sijui, lakini nilikuuliza maswali mengi, kwa sababu ndivyo nilivyo. Marehemu babu yako alikuwa akisema mimi nikikosa mtu wa kumuuliza, nitauliza hata nguzo ya taa. Nikakuuliza huyo wa kushangaza amewashangaza kwa lipi. Ukaniambia ni takwimu zake tu. Halafu ndipo ukatoa lililokuwa limekukaa kifuani: kwamba kocha wa timu yako ya besiboli naye aliwakalisha chini msimu ulipofika katikati, akawataja waliong'ara, na wewe hukutajwa. Ukasema, "It's fine, Bibi," ukaenda zako chumbani. Mtu ambaye mambo yake ni shwari hapandi ngazi kwa kishindo namna ile.

Najua Kiswahili changu unakielewa, hata kama unanijibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo kaa, nisikilize.

Timu yetu ilikuwa ya watu waliotoka kila pembe ya kule nyumbani. Sisi tulitoka Tanga. Wengine walitoka Nairobi na Kisumu, na wenzetu wa Uganda, waliofukuzwa kwao, walikuwa wamefika majira ya baridi yaliyotangulia, wengine bado wanavaa makoti ya kupewa. Kulikuwa na Wahindu, Waismaili, Masingasinga na Wagoa, na kila jamii ina lugha yake ya nyumbani. Uwanjani tulisema Kiswahili, kwa sababu hakuna aliyeweza kudai kuwa ni cha kwao peke yao. Waingereza tuliocheza nao walidhani ndicho Kihindi, na hatukuwasahihisha.

Mkuu wa timu alikuwa Mzee Karsan, aliyekuwa mwalimu Moshi na hapa akawa karani wa ghala. Alikuwa na desturi moja aliyokuja nayo kutoka Moshi na hakukubali iguswe. Msimu ukifika katikati, mechi ikiisha, hakuna kwenda nyumbani. Mashuka yanatandikwa majanini, zinatolewa bajia na chatne na chai ya tangawizi, na kila mmoja anamtaja mwenzake mmoja aliyemshangaza, na aseme kwa lipi. Hutaji aliye bora, kwa sababu aliye bora kila mtu anamwona. Na ni mwiko kumtaja ndugu yako au mtu wa jamii yako. Alisema huko Moshi, kabla ya desturi hiyo, kila mtu alikuwa anasifu wa kwao, na timu ilikuwa timu nne zilizovaa nguo za aina moja.

Mwaka huo kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Timu moja ya kulipwa ilikuwa imempigia simu Mzee Karsan, imwombe kijana mmoja, mmoja tu, aende kujaribiwa. Nurdin aliitaka nafasi hiyo mpaka alikuwa halali vizuri. Wiki nzima alikuwa anakunja vitambaa kwenye duka la mtu, na baba yetu, aliyekuwa na duka lake Tanga, alikuwa anafunga makasha ya biskuti kiwandani. Nurdin alikuwa ameniambia kwamba akichukuliwa, baba ataacha kiwanda. Na kwa mbio alizozipata msimu ule, ndizo pointi za kriketi, nani angeshindana naye?

Basi tukakaa. Mmoja akamtaja huyu, mwingine akamtaja yule. Watatu wakamtaja Balbir, Singasinga kutoka Kisumu, aliyekuwa anapiga pamoja na Nurdin, wakasema ni kwa uvumilivu wake tu. Hapo nilishangaa kidogo, maana Balbir hakuwa na mbio za kutajika, na Nurdin kila Jumapili alikuwa anarudi nyumbani akilalamika kwamba mtu huyo ni mvivu wa kukimbia. Nurdin hakutajwa na yeyote. Niliona masikio yake yanaiva.

Zamu yake ikafika. Akang'oa majani, akasema, "Mimi sijashangazwa na mtu, Mzee."

"Nusu msimu umecheza na watu kumi," akasema Mzee Karsan kwa upole, "na hakuna hata mmoja uliyemwona?"

Watu wakatazama bajia zao. Mimi kazi yangu ilikuwa kumimina chai, hakuna aliyeniuliza, lakini nilimwonea huruma kaka yangu nikataka kuvunja ule ukimya. Na kweli kulikuwa na jambo lililokuwa linanisumbua. Nikasema, "Mimi nimeshangazwa na Balbir. Kila Jumapili anapokea kikombe kwa mkono wa kushoto."

Wakacheka wote. Mama akanikata jicho, kwa sababu nilikuwa nimemwambia mtu hadharani kwamba hana adabu. Unajua kwetu hupokei chakula kwa kushoto, hata mtoto mdogo anajua. Lakini Balbir ndiye aliyekuwa na adabu kuliko wote pale, anawasalimu wazee kwa kuinama, anatusaidia kubeba vyombo, na ndiyo maana jambo lile lilikuwa halinikai akilini. Yeye alitabasamu, akautia mkono wake wa kulia mfukoni.

Mzee Karsan alinitazama, kisha akamgeukia Nurdin. "Jumapili ijayo hutacheza. Utakaa na dada yako kwenye meza ya chai, utazame. Ukishatazama, utaniambia nani aende kwenye majaribio. Jina utakalolitaja ndilo nitakalolipeleka."

"Hata likiwa langu?"

"Hata likiwa lako."

Wiki ile nyumbani kwetu hapakukalika. Nurdin alisema Mzee Karsan amemdhalilisha, na kwamba atajitaja mwenyewe, kwa nini asijitaje. Nilitaka aende, mwanangu, nilimtakia kwa moyo wangu wote.

Jumapili ikafika, akakaa karibu nami akikata matango vipande vinene kwa hasira. Wapinzani walikuwa na mrushaji mmoja mrefu, mpira wake unakuja kwa kasi mpaka unasikia mlio; mrushaji mwenzake alikuwa dhaifu. Balbir aliingia na Anil, kijana wa Kampala. Sasa hapa inabidi nikueleze, kwa sababu kriketi si kama besiboli yako. Wapigaji wawili wanasimama uwanjani kwa pamoja, kila mmoja upande wake. Wakikimbia mbio moja, wanabadilishana pande. Na warushaji nao wanapokezana kila baada ya mipira sita, mmoja kutoka upande huu, mwingine kutoka upande ule.

Anil akapiga mpira wa mwisho wa zamu ya yule mrushaji dhaifu, akaita, "Njoo!" Mbio ilikuwepo, hata mimi niliiona. Balbir akainua kiganja. "Baki."

"Umemwona?" Nurdin akaniambia. "Mvivu. Ndivyo anavyonifanyia mimi kila wiki."

Nikamuuliza, "Kwani wangekimbia ingekuwaje?"

"Wangebadilishana pande."

"Halafu?"

"Halafu Anil angekutana na yule mrefu."

"Na sasa anakutana naye nani?"

Aliweka kisu mezani. Tukatazama yule mrefu anavyomrushia Balbir, mpira baada ya mpira. Balbir hakupata mbio hata moja, na alipoweza kuipata aliikataa. Mpira mmoja ukambana vidole vya mkono wa kulia kwenye mpini wa gongo. Akaukung'uta mkono mara moja, akasimama tena. Zamu ikahamia kwa yule dhaifu, na Anil akapiga mpira mpaka kwenye uzio, watu wakampigia makofi.

Nurdin hakumwondolea Balbir macho. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Mwanzoni mwa msimu mpira wa kasi ulimpiga kwenye taya, na tangu siku hiyo, mrushaji wa kasi akija mbio, yeye anafumba macho. Hawezi kujizuia. Alikuwa ameshangaa bahati yake, kwamba wiki baada ya wiki wale wakali hawamfikii. Alidhani ni bahati.

Mechi ilipoisha alichukua kikombe kutoka mkononi mwangu, akampelekea Balbir mwenyewe. Nilimfuata na sahani ya bajia, si kwa sababu kuna mtu aliyetaka bajia. Balbir akanyoosha mkono wa kushoto. Nurdin akautazama ule wa kulia, vidole vimevimba, viwili vimekuwa vyeusi kwenye kucha.

"Ulijuaje?" akamuuliza.

"Mimi nasimama upande wa pili," akasema Balbir. "Kutoka pale naona uso wako."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Wewe ulikuwa unajua tayari."

Nurdin akavuka uwanja kwenda kwa Mzee Karsan, aliyekuwa anakunja mashuka. Alisema jina la Balbir kwa sauti ndogo, akalirudia, kana kwamba la kwanza halikutosha. Nilimhurumia na nilijivunia kwa wakati mmoja, na mpaka leo sijui lipi lilikuwa kubwa. Mzee Karsan hakumsifu. Alimpa ncha ya shuka amsaidie kukunja, akamwambia, "Njoo Jumanne jioni. Nitakurushia mipira mwenyewe, polepole kwanza."

Najua unataka kuniuliza Balbir alifika wapi. Alichukuliwa, akakaa na wale wa kulipwa mpaka msimu ukaisha, zaidi akiwa kwenye benchi. Halafu wakamshukuru. Walihesabu mbio zake, hawakuhesabu kitu kingine. Aliendesha basi miaka mingi na hakuwahi kulalamika. Baba naye aliendelea na biskuti zake mpaka alipostaafu. Sitakudanganya kwamba wema wa siku ile ulilipwa.

Ila Jumapili ya kwanza bila Balbir, Nurdin alikutana na mrushaji wa kasi. Alitolewa pale pale, vijiti vya nyuma yake anavyopaswa mpigaji kuvilinda vikaruka. Alirudi kwenye meza ya chai anacheka na machozi yanamtoka, akaniambia, "Nimeuona, Shirin. Nimeuona mpira mpaka ulipogonga vijiti." Nusu ile ya pili ya msimu alipata mbio chache, watu wakasema nyota imezima. Mimi niliyekaa naye kwenye meza ile nilijua kwamba sasa ndiyo anacheza.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kocha wako huenda ameona sawa, huenda hakuona; mimi sikuwepo na besiboli siijui. Lakini ukisoma majina ya wale Wamarekani wanaowika, udadisi wako usiishie kwenye takwimu. Jiulize ni nani yuko karibu nao, na anazuia nini kisiwafikie. Na hao wenzako waliotajwa, usiwachukie kabla hujawatazama. Kesho ukienda mazoezini, kabla hujajitetea kwa mtu, jiulize wewe mwenyewe umemwona nani. Ukikosa hata jina moja, hilo ndilo la kukukosesha usingizi, si lile la kutotajwa.

Na kama wewe ndiye unayesimama kwa ajili ya wengine, vizuri, endelea. Lakini usifiche vidole vyako. Hapo mimi na Balbir hatujakubaliana mpaka kesho. Kila akija kunisalimia namwambia kwamba angesema mapema, Nurdin angejifunza mapema, na mkono wake ungepona. Yeye anatabasamu tu, anakunywa chai. Mtu akikuuliza umeumia wapi, mwanangu, mwonyeshe. Hata mimi nikikuuliza.

Mungu akupe macho ya kuwaona wenzio wakiwa kazini. Akupe moyo wa kulitaja jina la mwenzio hata siku ambayo lako ndilo unalolitaka. Na popote utakaposimama katika dunia hii, asikukoseshe mtu mmoja upande wa pili, anayeuona uso wako.